Fundi wa Baiskeli Anajibu: Waya za gia hazifiki, nikate niunge?

*Shikamoo fundi. Mimi nipo Muscat, najiandaa na nusu Ironman yangu ya kwanza, ile ya kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90 halafu mbio 21. Baiskeli nimenunua mkononi kwa mtu, ya traiathloni, ina Shimano Di2 (gia zinazobadilishwa kwa umeme) ya gia 11, swichi ziko mwisho wa zile bomba mbili za mbele za kulalia mikono. Sasa mimi ni mrefu, nikaweka bomba ndefu zaidi na spesa za kuinua pedi za viwiko, kumbe waya hazifiki tena, zimepungua kama sentimita 15. Duka moja la huku limeniambia tukate waya, tuongeze kipande, tuchome risasi, nusu saa kazi imeisha. Kaka yangu kaniambia nisithubutu. Nimsikilize nani? Na nikichomoa hizi waya si gia zitapoteza seti?*

Marahaba mwanangu. Msikilize kaka yako.

Ngoja nikueleze kwa nini maana hili swali naulizwa sana na watu wanaobadilisha mkao wa mbele. Waya mmoja wa Di2 ndani una nyuzi mbili tu, na hizo hizo mbili ndo zinabeba umeme wa betri, volti 7.4, na hizo hizo ndo zinabeba amri ya "panda gia" "shuka gia". Kuunga kwa risasi kunawezekana, sikatai, fundi wa simu mwenye mkono mzuri anaunga na gia zinafanya kazi vizuri tu siku hiyo. Shida ni mahali pa kiungio. Wewe unatoka baharini unalowa chumvi, unapanda baiskeli, unalala kwenye bomba, jasho na maji ya baharini yanachuruzika kwenye mikono yanaingia mule mule kwenye bomba, halafu chupa ya kinywaji cha sukari nayo ipo katikati ya mikono yako inamwagika. Chumvi ikifika kwenye risasi inaanza kula polepole huoni kitu, mpaka siku nyuzi mbili zinagusana au mmoja unakatika. Niliwahi kuletewa baiskeli ya hivyo, imeungwa ikafungwa teipu nyeusi ya umeme, mwenye nayo alikuwa kilomita 60 ndani ya mashindano, direla ya nyuma (ile inayohamisha mnyororo) ikagoma na gia ikabaki pale pale ilipokuwa. Gia nzito, upepo wa mbele, kijana wa watu kasukuma mpaka mwisho magoti yamekwisha. Iliniuma kwa sababu kifaa ambacho kingemwokoa ni kidogo kuliko kidole.

Sasa kifaa chenyewe. Waya za Di2 za gia 11, zile zinazoitwa EW-SD50, zina plagi dume pande zote mbili, na vifaa vyote (swichi, direla, betri, kile kiboksi chenye kitufe na taa) vina matundu. Ndo maana huwezi kuchukua waya mbili ukazichomeka moja kwa nyingine, dume kwa dume haziingiani. Shimano wanatengeneza kiungio kidogo cha matundu mawili, EW-JC200, waya wa zamani unaingia upande huu, waya mpya upande ule, basi, umeongeza urefu bila kukata chochote na ukitaka kurudisha kama zamani unachomoa tu. Unahitaji viwili, kimoja kila upande, pamoja na vipande viwili vya waya.

Lakini kabla hujanunua angalia swichi zako vizuri. Kama waya unachomoka kwenye swichi yenyewe basi usiongeze kiungio, nunua waya mmoja mrefu ubadilishe wote, kiungio kimoja pungufu ni mahali pamoja pungufu pa kuharibika. Kama waya umetoka kiwandani umeganda ndani ya swichi, hapo ndo JC200 inakuhusu.

Na kama una hela kidogo zaidi kuna ujanja mimi naupenda sana. Kile kifaa cha kurusha taarifa, EW-WU111, nacho kina matundu mawili kinakaa katikati ya waya, kwa hiyo upande mmoja tumia hicho badala ya JC200, kinakuwa kiungio na papo hapo kinakuonyesha gia uliyopo na chaji iliyobaki kwenye kompyuta yako ya baiskeli. Ukitaka na kurekebisha gia kwa simu kupitia Bluetooth basi betri iwe BT-DN110, ile ya kabla yake SM-BTR2 haikubali.

Kupima usitumie macho. Weka bomba na spesa mahali utakapoziacha kweli, chukua kamba, ipitishe njia ile ile ya waya, geuza usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto, kamba isikaze. Hapo ongeza kama sentimita 10, kwa sababu siku unasafiri na baiskeli kwenye boksi la ndege utafungua usukani na huo ziada ndo utakaokuokoa usivute plagi. Waya zinauzwa kwa urefu maalum, kipimo chako kikiangukia katikati chukua inayofuata kwa urefu. Usiogope kwamba waya mrefu unapunguza nguvu, hawa jamaa wanauza mpaka wa mita 1.4, sentimita zako 15 si kitu.

Kupitisha sasa, hapa ndo watu wanatukana. Toa betri kwanza. Kabla hujavuta waya wa zamani funga mshipi wa kuvulia kwenye ncha yake kwa teipu nyembamba, ukivuta waya mshipi unabaki ndani ya bomba, halafu unautumia kuvuta waya mpya kurudi. Usivute plagi kwa kushika waya! Kuna kidude cha plastiki TL-EW02, upande mmoja wa kung'olea na mwingine wa kusukumia, bei yake ndogo, kinunue. Plagi ikiingia sawasawa utasikia na kuhisi "tik", kama hujasikia haijaingia hata kama inaonekana imeingia. Na unganisha kila kitu nje kwanza, jaribu gia zote, ndo uingize ndani, maana nimeona watu wanafunga usukani mzima na teipu juu halafu ndo wanajua waya ni mbovu. Kiungio kivishe sponji kidogo kisigonge bomba, kelele ile ukiwa kilomita 70 inatia wazimu. Tundu lolote lisilotumika lizibwe na kizibo chake, hilo usiliache wazi hata siku moja.

Kuhusu seti, ondoa hofu. Marekebisho ya direla hayafutiki kwa kuchomoa waya. Ukimaliza bonyeza kitufe cha kiboksi nusu sekunde hivi: kijani isiyopepesa betri imejaa, kijani ya kupepesa nusu, nyekundu isiyopepesa robo, nyekundu ya kupepesa kachaji. Isipowaka kabisa na betri unajua ina chaji, rudi kwenye plagi ya mwisho uliyogusa.

Ah, na ukienda dukani taja kabisa "SD50". Tangu 2021 Di2 za gia 12 zinatumia waya mwembamba zaidi, SD300, plagi yake ni ndogo haikai kwenye matundu yako. Ipo adapta EW-AD305 ya kuunganisha aina hizo mbili lakini wewe huihitaji, usiuziwe.

*Fundi habari. Mimi wa Nairobi, nina SRAM eTap AXS (nazo gia za umeme), zile button za Blip za kubadilishia gia zina waya na hazifiki mwisho wa bomba. Nazo zinaungwa?*

Salama kabisa. Blip zinauzwa kwa urefu tofauti, nunua ndefu, usikate. Ama chukua Blip zisizo na waya, unaziunganisha na mfumo na habari ya waya imeisha, ila hakikisha yako kweli ni AXS, maana eTap ya kwanza ya gia 11 haizikubali na utakuwa umetupa hela. Ikiwa huna uhakika hesabu sproketi za nyuma (zile sahani za meno): zikiwa 12 ni AXS, zikiwa 11 ni ile ya zamani.