Mimi ni Msusi, Nimechagua Skii

Swali lenu la wiki hii, kwamba theluji ikianguka mtu avae skii (mbao mbili nyembamba, moja kila mguu) au apande snoubodi (ubao mmoja mpana), limenikuta nina mteja kitini, nusu ya kichwa imeshasukwa. Nikamsomea, akaniuliza mimi ningejibuje. Nikamwambia: kwanza jiulize ni kiungo gani kinachokulisha. Maana kuanguka utaanguka tu, ila michezo hii miwili haiangushi mtu sawasawa.

Mimi inanilisha mikono. Nilizaliwa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tisa Salt Lake City, jimbo la Utah, ambako milima iko mlangoni. Kufika Brighton, kwenye miteremko ya kuteleza, haichukui saa nzima kwa gari, barabara ikiwa safi. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza. "Dada, kamata snoubodi, zile fimbo za kujisukumia kwenye skii waachie wazee." Nikakodi ubao.

Buti zake ni laini, nilizipenda. Mapenzi yaliishia hapo. Miguu yote miwili inafungwa kwenye ubao mmoja, umeupa mteremko ubavu, na vifungio havikuachii hata ukianguka. Ubao una kingo mbili, wa visigino na wa vidole, na lazima uelemee mmojawapo. Ukijisahau ukaulaza bapa, ukingo wa upande wa bonde unakamata theluji na hupewi hata taarifa. Kwa kuwa huna mguu wa kutanguliza, mikono ndiyo inayotangulia. Nilihesabu mianguko hadi kumi na moja nikaacha kuhesabu. Wa mwisho niliupokea kwa kiganja cha kulia. Kifundo cha mkono hakikuvunjika, kiliteguka. Wiki tatu sikugusa rasta wala chanuo. Kuna wateja waliohamia kwingine ambao hawajarudi mpaka leo.

Msimu uliofuata nikavaa skii. Buti za skii ni adhabu: ngumu kama ndoo, zinabana miundi, na unatembea kama bata anayekimbizwa. Lakini kila mguu una skii yake, uso unatazama unakokwenda, na breki unafundishwa siku ileile: sogeza ncha za mbele zikaribiane, tanua nyuma, upate umbo la kipande cha piza. Kufika mchana nilikuwa nashuka njia ya kijani, ile ya wanaoanza, polepole lakini wima. Wanaojua wanasema snoubodi inakutesa siku tatu za mwanzo kisha inafunguka, na skii inakupokea vizuri halafu ustadi wake unakuchukua miaka. Kwangu nusu ya pili bado naiishi.

Skii nayo ina deni lake, na inalidai kwenye goti. Skii mbili ndefu zikielekea kila moja kwake, goti lililo katikati linasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Ndiyo sababu vifungio vyake hutengenezwa viachie mguu, na fundi anayevikaza hukuuliza uzito wako kwanza. Dada zangu, pale msione aibu, semeni kilo za kweli. Halafu kuna kidole gumba: ukianguka umeng'ang'ania fimbo, kinapindishwa. Mimi fimbo naitupa mapema.

Mdogo wangu anabeba mizigo ghalani siku nzima, mtaji wake ni magoti. Kabaki na snoubodi, anavaa vikinga vifundo vya mikono, na sina la kumpinga. Tukifika sehemu tambarare yeye hufungua mguu mmoja ajisukume, mimi nampita kwa zile fimbo za wazee. Akinichokoza sana naenda Alta, mlima mwingine wa kuteleza, ambako snoubodi ni marufuku. Waliopinga walikwenda mahakamani mwaka 2014 wakashindwa. Kusema kweli naona ni ubaguzi wa kijinga, lakini siku nyingine unanifaa.

Mdogo wangu hupenda kuniambia Mswahili na skii wapi na wapi. Namkumbusha Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998. Michezo ileile iliyoingiza snoubodi kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza ndiyo aliyoshiriki Philip Boit wa Kenya katika skii za tambarare, kilomita 10. Alifika wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa bado anamsubiri amkumbatie. Na wa miteremko pia tunaye: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018.

Yule mteja, mama kutoka Bukavu, ni dereva wa basi. Alitazama mikono yake, akatazama magoti, akafikiri mpaka nikamaliza msuko mzima.

"Mimi kazi yangu ya kukaa," akasema. "Nitakwenda bustani ya Sugar House Park hapa mjini na watoto, niteleze kwa makalio."