Huna VVU na unataka kuwatetea wanaoishi navyo? Karibu

Dada, umeuliza kama WAVIU (watu wanaoishi na VVU) watakukubali uwatetee wakati wewe umepima na huna virusi. Watakukubali, ila usianze na kipaza sauti. Nenda kwenye konga ya wilaya yenu, yaani mtandao wa vikundi vya WAVIU, uliza wanakwama wapi, kisha kaa usikilize. Mimi miezi ya kwanza nilipanga viti tu na kumsindikiza mama mmoja kliniki. Alikuwa anajaza pamba kwenye kopo la ARV, dawa za kufubaza VVU, ili vidonge visilie ndani ya daladala. Pale ndipo nilipoelewa unyanyapaa ni nini.

Jambo moja lijue vizuri mno: anayemeza dawa ipasavyo hadi virusi visigundulike kwenye kipimo, na akabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Mtaani wengi hawajalisikia.

Hali ya mtu usiitaje popote, hata nyumbani kwako. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya 2008 inalinda siri hiyo. Watu wakidhani nawe una virusi, usikimbilie kukana, maana mwenye navyo yupo hapo anakutazama. Na mtu akikuambia anataka kuacha dawa au kujidhuru, usimbebe peke yako: mfikishe kwa mshauri nasaha wa CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU) siku hiyohiyo.