Unataka kutengeneza darubini ya infraredi? Anza na jaribio, kioo baadaye

Wadogo zangu wa fizikia na uinjinia, kila nikikaa na wanafunzi hapa Mbarara swali la kwanza ni kioo. Kikubwa kiasi gani, kinapatikana wapi, bei gani. Naelewa kabisa, picha za James Webb, ile darubini ya NASA iliyoko angani, zimewasha vichwa vya watu na kile kioo cha mita 6.5 chenye dhahabu kinavutia kweli. Ila ushauri wangu ni uleule: kabla hujachora chochote, andika kwanza utakijaribu vipi.

Sababu ni hii. Kila kitu chenye joto kinatoa infraredi, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho, mkono wako, meza, hata darubini yenyewe. Ukitafuta galaksi ya mbali kwa darubini yenye joto la chumbani ni sawa na kutafuta kibatari cha jirani huku umeshika karabai mbele ya macho. Ndo maana Webb iliyorushwa Desemba 25, 2021 imepelekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani na kukingwa jua kwa tabaka 5 za kaptoni, plastiki nyembamba inayostahimili joto, upande wa jua unafika kama nyuzi 85 za Selsiasi na upande wa vioo uko karibu -233, na kifaa chake kimoja, MIRI, kina friji yake ya kukishusha chini ya kelvini 7, yaani kama nyuzi -266 za Selsiasi.

Sasa usiseme hayo ni ya Wamarekani tu. Nunua sensa ndogo ya joto, zile za kupima bila kugusa, ielekeze juu usiku. Sisi tukifanya hivyo hapa, wingu likipita namba zinapanda, anga likiwa safi zinashuka sana, na tulipoibeba mpaka Kabale kwenye baridi na mwinuko zikashuka zaidi. Huo ni mvuke wa maji hewani unaoonekana kwa namba, na ndio huohuo unaozuia sehemu kubwa ya infraredi ya nyota isifike chini. Baada ya hapo huna haja ya kueleza mtu kwa nini darubini hizi zinapelekwa angani, ameshaona mwenyewe. Halafu weka kipande cha kioo cha dirisha mbele ya sensa, joto la mkono wako halipiti. Weka kaveera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, linapita! Kwa hiyo lenzi ya miwani itakuangusha, tumia chuma kilichong'arishwa au dishi la zamani la TV ulilolibandika foili.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni jinsi walivyosugua vioo vya Webb. Vipande 18 vya beriliamu, metali nyepesi, na kila kitu kikipoa kinajikunja kidogo, sasa unasugua vipi kioo kiwe sawa kwenye baridi ambayo hakuna fundi anaweza kusimama ndani yake? Walivipeleka Alabama kwenye chemba ya baridi, wakavipoza, wakapima vilivyobadilika, wakavirudisha California wakavisugua makusudi viwe na kasoro ya kinyume vikiwa kwenye joto la kawaida, ili vikipoa kule juu vinyooke. Bila jaribio lile la baridi hakuna fundi angejua asugue wapi. Mwaka 2017 darubini na vifaa vyake vya kisayansi vikafungiwa kwenye chemba ya vakyumu, yaani isiyo na hewa, kule Houston karibu siku 100, kimbunga Harvey kikapita juu yao na jaribio halikusimama.

Kingine, pima kwa njia mbili zisizotegemeana. Kioo cha Hubble, darubini ya angani iliyoitangulia Webb, kilisuguliwa vizuri sana kwa kufuata kipimo kimoja kilichopangwa vibaya kwa milimita 1.3. Vipimo vingine rahisi vilionyesha kuna shida, vikapuuzwa, watu wakaja kujua 1990 iko tayari angani. Inaniuma kila nikiisoma maana jibu lilikuwa mezani.

Hata setilaiti yetu ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ndogo tu, iliyotengenezwa na vijana wetu kule Kyushu, Japani, na kuachiwa kutoka kituo cha anga za juu Desemba 2, 2022, ilibidi itikiswe na kuwekwa kwenye vakyumu kwanza. Udogo hauondoi jaribio.

Kwa hiyo ukianza leo: funga sensa kwenye boksi lililofunikwa foili, iache nje itulie mpaka ipoe sawa na hewa ndo uanze kusoma, usiishike kwa mkono. Kwenye daftari andika joto la anga na pembeni joto la sensa yenyewe, kila mara, maana zikipanda pamoja unajipima mwenyewe. Fanya msimu wa mvua na kiangazi. Na lile dishi la foili usilielekeze juani hata kidogo, litachoma sensa na linaweza kuchoma macho ya mtu.

Ukishapata kurasa za namba hizo njoo tuongee ukubwa wa kioo.