Mama Asijue Kifo cha Mwanawe Kwenye Grupu

Kwetu Muheza, mkoani Tanga, taarifa ya msiba ilikuwa na watu wake. Haikubebwa na yeyote aliyeisikia kwanza. Baba mdogo ndiye aliyekuwa akitumwa, na nilipopata akili kidogo akawa ananichukua niende naye. Hatukuanzia kwa mfiwa, tulianzia kwa jirani. Bibi ana presha? Amekula? Mwanawe mkubwa yuko karibu? Wanawake wawili wa makamo waliitwa waje kama wanaosalimia tu, wakaketi mkekani kulia na kushoto kwake. Baba mdogo akishakaa, akajuliana hali na wenyeji, akapokea maji, ndipo alipoanza kuzungumza, na hakulitaja neno kifo mpaka bibi mwenyewe awe ameanza kuelewa. Waliokuwa mbali walipigiwa simu wakaambiwa waje nyumbani, mzee hajisikii vizuri. Wengi walijua maana yake. Lakini walipata safari nzima ya basi ya kujiandaa, na walipofika walikuta turubai, watu, na mikono ya kuwashika.

Sasa kutumwa huko kumeniangukia mimi, maana baba mdogo ni mtu mzima na miguu haimwitikii. Kwa hiyo naandika kama mtu anayeifanya kazi hii. Mitandao ya kijamii inalaumiwa kwa mengi, na mengi ni kweli: utapeli, uzushi, vijana kukesha, ndoa kuvunjika. Ila ukooni kwetu hakuna kilichotuumiza kama hili la kurusha picha na habari za vifo kabla wenyewe hawajaambiwa.

Mtoto wa dada yangu aligongwa na lori akiwa kwenye bodaboda, barabara ya kwenda Segera. Waliofika mwanzo walitoa simu. Mwili ulikuwa bado haujafikishwa hospitali, picha tayari inazunguka kwenye magrupu ya madereva, ya mashabiki wa mpira, ya mitaa, imeandikwa "mwenye kumfahamu". Dada yangu alikuwa sokoni, kwenye meza yake ya dagaa. Mteja wake ndiye aliyemwonyesha, akisikitika, bila kujua kwamba anamwonyesha mama mzazi. Uso haukuwa wa kutambulika. Alimjua mwanawe kwa jezi ya Coastal Union, kwa mshono wa begani alioushona mwenyewe kwa uzi mweusi kwa sababu siku ile uzi mwekundu haukupatikana.

Binti wa mama mdogo, aliyelelewa pamoja na dada yangu kama pacha wake, anafanya kazi za ndani Muscat. Alikuwa jikoni kwa bosi wake anakaanga sambusa, simu ikaita mlio wa grupu la ukoo, akaifungua kwa kidole chenye unga. Mtu ameweka ile picha akauliza, "Huyu si wetu?" Aliniambia baadaye kwamba hakulia, kwa sababu mle ndani hakukuwa na wa kumlilia. Alizima jiko, akanawa mikono, akaliwasha tena, maana chakula kilikuwa kinasubiriwa sebuleni. Nilipompigia, nikaanza kama nilivyofundishwa: "Mdogo wangu, uko na nani hapo?" Akanijibu, "Nimeshaona, kaka."

Nimepeleka taarifa nyingi, lakini sijawahi kukosa la kusema kama siku ile. Kilichokuwa kimebaki kwangu kilikuwa ni kumsikiliza akipakua chakula.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba picha haitoki. Mtu akifiwa, baada ya muda hubaki na sura ya mpendwa wake alipokuwa mzima: anacheka, anagombana, anakula. Dada yangu hajaipata hiyo. Akifumba macho inakuja ile ya barabarani. Alikuwa akiniambia anatamani hata angeambiwa na adui, mradi aambiwe kwa maneno.

Haya si ya Muheza peke yake. Mei 6, 2017, basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha liliporomoka korongoni Karatu, wakafa watoto 32, walimu wawili na dereva. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, likaunguza watu waliokuwa wakichota petroli, na waliokufa wakafikia mia na zaidi. Kila unapotokea msiba wa namna hii simu zetu hujaa. Mwenye mtoto anakimbia hospitali huku mfukoni simu inatetema, na ndani ya simu ile huenda kuna jibu ambalo hakuna daktari wala mzee angethubutu kumpa kwa mtindo huo.

Januari 2019, magaidi waliposhambulia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, gazeti la The New York Times lilichapisha picha ya watu waliouawa wakiwa wameinamia meza zao. Wakenya walikuja juu, wakalitaka gazeti liiondoe, wakauliza kama lingewaanika hivyo maiti wa Kimarekani. Walikuwa na haki kabisa. Nami nauliza mbona hasira ile haituamki tunapofanyiana wenyewe kwa wenyewe, ndugu kwa ndugu, jirani kwa jirani. Maana sisi tunajua kustiri. Msikitini kwetu anayeosha maiti anausiwa asitoke na hata neno moja la alichokiona, iwe jeraha, iwe kilema. Wahenga wakasema mwosha huoshwa. Aliyepiga ile picha pale barabarani naye ana mama.

Nimezungumza na wanaorusha picha hizi, baadhi yao ana kwa ana. Sijakutana na mwovu. Wapo wanaotaka waonekane wamepata habari kwanza, na hao ukiwaambia pembeni kwa upole huelewa. Wengi zaidi wana hoja ya kweli: wanasambaza ili ndugu wapatikane haraka, marehemu asilale mochwari bila kujulikana. Hoja hii naiheshimu, kwa hiyo naijibu kwa makini. Ndugu watapatikana bila uso na bila damu. Andika namba ya pikipiki au ya basi. Andika jinsia, umri wa kukisia, nguo alizovaa, mahali na saa, hospitali alikopelekwa. Kama ana kitambulisho, mkabidhi polisi. Kama simu yake inaita, pokea, useme "mwenye simu amepata ajali, yuko hospitali fulani, njooni wawili", uishie hapo. Kwetu, aliyetuongoza hospitali alikuwa dereva mmoja aliyepokea simu ya kijana wetu. Picha haikutusaidia kwa lolote.

Na ukiwa wewe ndiye uliyefika kwenye ajali, simu yako ina kazi nyingine. Piga 112 polisi, au 114 zimamoto na uokoaji. Omba khanga kwa mama yeyote, umfunike aliyelala pale. Ukiona mtu anapiga picha, usimtukane, mwombe akusaidie kitu: ashike mkono wa majeruhi, asimamishe magari. Nimeona hilo likifanya kazi. Mtu akipewa la kufanya, huiweka simu mfukoni mwenyewe.

Wengine wananiambia kampuni zenye mitandao ndizo zichuje. Kwa Facebook kuna wanaochuja, na bei yake ni kubwa. Nairobi kulikuwa na vijana walioajiriwa kutazama machapisho ya kutisha siku nzima ili sisi tusiyaone. Wakaishia mahakamani, na mwishoni mwa 2024 ikaripotiwa kwamba zaidi ya 140 kati yao walipimwa na daktari wakakutwa wana kiwewe kinachotakiwa kutibiwa. Hao walikuwa watu wazima wanaolipwa. Sasa fikiria mtoto wa darasa la nne aliyeazima simu ya mama yake acheze gemu. WhatsApp nayo hakuna anayeuchuja ujumbe kabla haujafika, kwa kuwa umefungwa, kampuni yenyewe haiusomi mpaka mtu auripoti. Walichoweza ni kupunguza mwendo: tangu 2020 ujumbe uliokwisha kufowadiwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili, hauruhusiwi kutumwa zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Sheria za nchi nazo zipo, ya makosa ya mtandao ya 2015 na ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, lakini mama hatafuti kesi siku ya kuzika. Kwenye grupu lako mchujaji ni wewe na admini wako.

Baada ya arobaini ya kijana wetu tulikaa kikao cha ukoo, na tangu hapo tuna utaratibu. Naueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu kila ninapousimulia watu wanauomba.

Kwanza tulichagua wapokea taarifa, mwanamume na mwanamke kwa kila tumbo. Kifo kikitokea wao huambiwa kwa simu ya sauti, nao huwapelekea watu wao. Mwanamke ni lazima awemo, maana kuna wamama ambao mimi mwanamume nikiingia tu mlangoni kwao saa isiyo ya kawaida wameshaanguka.

Kisha tuna orodha ya wasioweza kuambiwa wakiwa peke yao: wenye presha, wajawazito, wanafunzi walio kwenye mitihani, na wote walio ughaibuni. Kwa hawa wa mbali tunatafuta kwanza mtu wa karibu yao. Binti yetu wa Muscat ametupa namba ya rafiki yake, Mtanzania mwenzake anayefanya kazi mtaa wa pili. Taarifa ya kwanza inakwenda kwa rafiki, naye akishafika au akishakaa naye kwenye simu, ndipo mimi napiga. Mwenye nduguye Omani, Dubai, London au popote, iombe namba hiyo leo, wakati hakuna aliyekufa. Siku ya msiba huwezi kuipata.

Admini wetu, msiba ukitokea, hulifunga grupu hapo hapo. Mpangilio wa kuruhusu maadmini pekee kutuma upo kwenye kila grupu la WhatsApp, na kuuwasha ni kazi ya sekunde chache. Unabaki hivyo mpaka wapokea taarifa wote wamejibu kwamba watu wao wamefikiwa. Mwanzoni baadhi walinung'unika, hasa vijana, wakaona wanafungwa mdomo. Alipofariki shemeji yetu, wakaona wenyewe jinsi mjane alivyoambiwa akiwa ameshikwa na wifi zake. Manung'uniko yakaisha.

Status za WhatsApp nazo zina neno lake. "Pumzika kwa amani kaka" inaonekana na wote mliohifadhiana namba, na miongoni mwao yuko mtoto wa marehemu aliye bwenini. Subiri tangazo la ukoo. Mapenzi yako kwa marehemu hayapungui kwa kuchelewa saa sita.

Picha ikishaingia, fanya haraka bila fujo. Admini anaweza kuufuta ujumbe wa mtu yeyote kwenye grupu. Aliyetuma naye anaweza kuufuta kwa kila mtu ndani ya siku mbili na nusu hivi. Mfuate faragha, usimwaibishe mbele za watu, kwa sababu anayeaibishwa hubishana, na picha inaendelea kukaa pale mkibishana. Kwenye simu yako mwenyewe zima upakuaji wa picha wa moja kwa moja, uzime na ule mpangilio unaoingiza picha za WhatsApp kwenye galari, hasa kama watoto wanaishika simu.

Na kama mtu ameshaiona, usimwambie asahau. Dada yangu aliambiwa hivyo na kila aliyekuja kumpa pole, naye akawa anajilaumu kwa kutosahau. Kilichomfaa ni kumketisha na kumwacha asimulie alichokiona, tena na tena, hata kama sisi tumechoka kusikia. Baadaye tukaona halali usiku, hapiti karibu na meza yake ya sokoni, akisikia honi ya lori anatetemeka. Nilimpeleka hospitali ya wilaya, akakutana na muuguzi wa afya ya akili, akawa anarudi kila alipopangiwa. Majirani walidhani ana mashetani, na wengine walitaka aganguliwe. Nikawaambia waombe dua wanavyotaka, ila tarehe ya hospitali haikosekani. Leo amerudi sokoni, ingawa simu ya mteja bado haitazami.

Tangazo tunalotuma sisi likishaiva husomeka hivi: "Ukoo wa fulani unasikitika kutangaza kifo cha mtoto wao fulani, kilichotokea leo. Msiba uko kwa mjomba wake, Muheza. Maziko ni kesho saa kumi alasiri. Taarifa ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki. Kwa maelezo piga namba hii." Kama tunaweka picha, ni ile aliyoipenda mwenyewe.

Limebaki moja, na naliomba kwa dhati. Picha ya kijana wetu ilirudi. Mwaka mmoja baadaye mtu aliitoa kwenye simu yake, akaituma kama onyo la mwendokasi, ikamfikia dada yangu kwa mara nyingine. Kwa hiyo ingia kwenye galari yako na kwenye folda ya WhatsApp. Ukikuta ya ajali yoyote, ya mtu yeyote, ifute, halafu fungua sehemu ya vilivyofutwa uiondoe na huko, na kwenye nakala za Google pia kama simu yako inazihifadhi. Aliyekutumia, mwombe naye afute yake.