Zanda wa msimu wa baridi: yupo na anakula, ila husikii akigusa

Mkuu umeuliza mbona tangu Novemba iingie hujatoa zanda hata mmoja wakati Septemba ulikuwa unatoa wawili watatu kwa jioni moja, pale pale, chambo kile kile, na unataka kujua samaki wamehama au wewe ndo unakosea. Jibu langu ni yote mawili kidogo. Wamesogea ila hawajaenda mbali, na wanaendelea kula, tatizo wanakula kwa namna ambayo mkono uliozoea mguso wa Septemba hauusikii kabisa. Mimi hili lilinichukua misimu miwili ya baridi kulielewa kwahiyo naandika kirefu, nivumilie.

Kwa wadau wasiomjua, zanda ni samaki mla samaki wa maji baridi wa Ulaya, mwembamba mrefu, ana meno mawili marefu ya mbele kama ya mbwa na macho yanayong'aa ukimmulika tochi. Watu wengine humfananisha na sangara lakini hawa ni familia mbili tofauti. Hayo macho yashike kichwani maana nitayarudia.

Tuanze na wapi. Maji yanakuwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzijoto 4 hivi, yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi tena na kupanda juu. Ndo maana kwenye bwawa au ziwa lililotulia juu panaweza kuwa na barafu na chini kabisa kukabaki na nyuzi 4. Samaki wadogo wanashuka huko, wanajazana sehemu moja, na zanda anawafuata kwasababu chakula chake kimeshuka. Lakini mto ni habari nyingine. Maji yanayotembea yamechanganyika, joto ni lile lile juu mpaka chini, kwahiyo kule samaki hafuati joto bali anakimbia mkondo. Nguvu za kupambana na mkondo hana, mwili umepoa na kila kitu ndani yake kinaenda polepole. Kwahiyo tafuta nyuma ya nguzo za daraja, kona ya nje yenye shimo, mdomo wa bandari ndogo, mfereji uliokufa pembeni ya mto. Wewe umesema unavua mfereji wenye sehemu ya kugeuzia matishari. Hapo pa kugeuzia ndo pa kuanzia, kwasababu mara nyingi huwa pana kina zaidi kuliko mfereji wenyewe na samaki wadogo wanapapenda baridi ikikaza.

Na ukishapajua usizunguke zunguke. Vuli, yaani Septemba na Oktoba kabla baridi haijaingia, ni sawa kutembea kilomita 3 unarusha kila mahali kwasababu samaki wametawanyika. Baridi wanakaa pamoja, mita 30 za ukingo zinaweza kuwa na samaki wote na kilomita nzima inayofuata ikawa tupu. Mimi siku hizi nakaa sehemu moja lisaa lizima, narusha kwa kuzungusha kama mishale ya saa, halafu nasogea hatua kumi.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa navuta vile vile kama vuli, mizunguko miwili mitatu ya rili kwa nguvu, chambo kinaruka juu kinaanguka, kinaruka tena. Wiki tano sijasikia kitu. Nikashaamini hakuna samaki. Halafu jioni moja nafungasha, nakishika chambo cha mpira nikitoe kwenye ndoana, vidole vina ganzi lakini nikahisi kamkwaruzo, nikawasha tochi ya kichwani nikaangalia. Karibu na mkia kulikuwa na matundu mawili madogo kama yaliyotobolewa na sindano, upande mmoja, na upande wa pili mkwaruzo umeteleza kuelekea nyuma. Zanda alikishika, akakiachia, na mimi sikujua. Nikatoa kisanduku nikaangalia vyambo vingine vya wiki zile na vitatu vilikuwa na alama hizo hizo. Kwa kweli iliniuma, maana kumbe siku zote hizo nilikuwa nasimama juu ya samaki.

Tangu siku ile kila baada ya kurusha mara kadhaa nakagua mkia wa chambo. Fanya hivyo na wewe, ni taarifa ya bure, ukiona alama usihame hapo, punguza mwendo tu.

Kupunguza mwendo maana yake hivi. Rusha, acha kizame mpaka kiguse chini, mshipi utalegea ghafla utauona. Inua ncha ya fimbo kidogo kama sentimeta 20 au 30 tu, au zungusha rili nusu mzunguko, halafu acha kishuke tena huku umeukaza mshipi kiasi cha kuhisi. Kikifika chini USIINUE. Hesabu mpaka tano, kumi, siku ya baridi sana mi nahesabu mpaka kumi na tano. Najua inachosha, ila zanda wa baridi anakuja polepole, anakiangalia, anakivuta mdomoni kikiwa kimelala pale chini, na huko mkononi hakuna ule mguso mkali wa "tok" uliouzoea vuli. Unachohisi ni unapoinua tena unakuta uzito, kama umenasa jani lililolowa au tambi ya nyasi. Uzito wowote usioutegemea, vuta fimbo juu hapo hapo. Nusu itakuwa ni majani kweli. Dalili nyingine ni ile ya chambo kutofika chini: ulizoea kinachukua sekunde mbili kushuka, leo mshipi umelegea baada ya sekunde moja, ujue kuna mdomo umekipokea njiani. Kwahiyo hesabu kila mara, usitegemee mkono peke yake.

Vifaa sitakaa sana. Uzi wa kusuka wa milimita 0.12 au 0.13 kwasababu hauvutiki, mbele yake mita moja na nusu ya flurokaboni (uzi wa plastiki usioonekana kirahisi majini) ya 0.30. Ila kama maji yako yana paiki, samaki mwingine mla samaki mwenye meno makali, weka kipande cha waya, paiki anakata flurokaboni hiyo kirahisi na kumwachia samaki ndoana mdomoni si jambo la kukubali. Ndoana yenye kichwa cha risasi, yaani uzito wa kuzamisha chambo, gramu 7 mpaka 10 kwa mfereji, nzito zaidi kwa mto, sheria yangu ni chepesi kadri unavyoweza mradi bado unahisi chini. Chambo sentimeta 8 mpaka 12, chenye mkia mwembamba ulionyooka, sio ile mikia mipana inayopiga piga, baridi naona mikia ya kupiga haifanyi kazi kama vuli. Rangi watu wanabishana sana, mimi nabeba mbili tu, moja ya kung'aa kwa maji machafu na moja ya kahawia kwa maji meupe.

Ukichoka kurusha unaweza kutega samaki mdogo mfu chini, anafanya kazi vizuri sana baridi. Tatizo zanda akisikia mshipi unamvuta anatema, kwahiyo acha mshipi utoke bure, na ukianza kutembea usingoje, vuta fimbo mapema asije akameza ndoana mpaka tumboni.

Saa. Hapa ndo yale macho yanaingia. Nyuma ya jicho la zanda kuna kitabaka kinachorudisha mwanga, ndo kinachong'aa kwenye tochi, kinamwezesha kuona gizani kuliko samaki anaowawinda. Mwanga ukianza kuzama yeye anapata faida na wao hawana. Baridi dirisha hilo ni fupi mno. Mimi karibu samaki wangu wote wa Desemba na Januari wametoka kati ya nusu saa kabla ya jua kuzama na lisaa baada yake. Wewe umesema unaenda saa tatu asubuhi unarudi saa nane, yaani unaondoka kabla meza haijaandaliwa. Mchana unalipa pale tu maji yakiwa machafu au wingu zito. Na angalia hali ya hewa ya siku kadhaa, baridi iliyotulia wiki nzima haina shida, inayoua ni ile iliyoshuka ghafla usiku mmoja, siku hiyo baki nyumbani.

Kuna jambo nataka ulisome hata kama mengine utayaruka. Zanda hana njia ya kutoa hewa haraka kwenye kibofu chake cha ndani. Ukimtoa kwenye kina kirefu hewa ile inatanuka kadri anavyopanda. Nilishawahi kumtoa mmoja mita 12, samaki mzuri wa sentimeta 70 na kitu, nikamrudisha kwa upole kabisa, akageuka tumbo juu, anapiga mkia kushuka hawezi, nilimshikilia mpaka mikono ikakosa hisia na hakushuka. Tangu hapo nikitaka kurudisha samaki sivui zaidi ya mita 8, hata kama sona (kifaa cha kuonyesha samaki chini ya maji) inanionyesha wamejaa mita 14. Wa kina hicho ni wa kula tu, ukishatosheka unaacha kuvua. Pia usimlaze kwenye theluji wala zege lililoganda, mfungulie ndoana akiwa ndani ya wavu majini, na hewa ikiwa chini ya sifuri picha iwe ya sekunde chache.

Sheria soma za hapo ulipo. Uholanzi kwa mfano zanda chini ya sentimeta 42 anarudi majini, na kuanzia Aprili mosi mpaka Jumamosi ya mwisho ya Mei hapaswi kubakizwa kabisa, ndo kipindi dume linalinda mayai.

Pete za fimbo zikiganda barafu usizivunje kwa kucha, zamisha ncha majini sekunde kadhaa itaachia yenyewe. Na vaa jaketi la kuokolea mkuu, kingo za mfereji zina barafu usiyoiona, ukidondoka maji ya nyuzi 3 yanakufanya uvute pumzi bila kupenda na ukiwa chini ya maji umekwisha. Usiku usiende peke yako.

Jumamosi nenda saa tisa alasiri badala ya asubuhi, kaa pale pa kugeuzia matishari, gramu 7, hesabu mpaka kumi, kagua mkia. Halafu rudi uniambie kina kilikuwa mita ngapi na kama umekuta matundu.