Siku ya Mwanafunzi wa Sayansi na Saa Zilizo Kati ya Vipindi

SWALI: Mpendwa Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya sayansi, na masomo yangu ni kemia, fizikia na hisabati. Ninaamka saa kumi na moja alfajiri, ninahudhuria mihadhara yote, alasiri mbili za kila wiki nipo maabara, na kila usiku ninarudia kusoma madaftari yangu hadi saa saba. Pamoja na hayo, katika mitihani midogo ya kwanza nimepata alama za chini kuliko nilizowahi kupata sekondari. Wenzangu wananishauri nipunguze usingizi zaidi. Je, ratiba yangu ina kasoro gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa matokeo hayo. Nimeisoma barua yako mara mbili na sioni uvivu ndani yake hata kidogo; ninachokiona ni usiku uliobebeshwa kazi ambayo ingemalizwa mchana. Sekondari siku ilipangwa kwa kengele, na mwalimu ndiye aliyekurudisha kwenye somo la jana kabla ya kuanza la leo. Chuoni mhadhiri anaweza kuimaliza sehemu kubwa ya mada katika kipindi kimoja, akaondoka akitarajia kwamba utaifanyia kazi mwenyewe, na kabla ya kipindi kinachofuata ukabaki na saa moja au mbili ambazo hakuna atakayekuuliza umezitumiaje. Katika barua yako hukuzitaja kabisa saa hizo, na hapo ndipo shaka yangu ilipo.

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1885 alionyesha kwamba kusahau huwa kwa kasi sana katika saa za mwanzo, kisha kasi hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita. Ni kweli kwamba mhadhara wa kemia una maana, nao hushika akilini kuliko silabi tupu. Hata hivyo, daftari la saa tatu asubuhi linapofunguliwa usiku wa manane, sehemu ya yale uliyoyaelewa darasani imekwisha kukutoka. Kwa hiyo, baada ya kipindi tafuta mahali palipo kimya, lifunge daftari, na kwa muda wa nusu saa uandike kwenye karatasi tupu kila unachokikumbuka: hoja kuu, kanuni, mchoro, na hatua ambayo hukuielewa. Ukimaliza, ndipo ulifungue daftari ulinganishe.

Ninasisitiza kulifunga daftari kwa sababu maalumu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walirudia kusoma kifungu, na wengine walijipima kwa kuandika walichokikumbuka bila kukitazama. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Bila shaka nawe hufunga daftari saa saba usiku ukihisi kwamba umeelewa, na hisia hiyo si ya uongo kwa saa hiyo. Tatizo ni kwamba mtihani haufanyiki saa hiyo. Katika hisabati na fizikia jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa kufuata kwa macho njia iliyokwisha kuandikwa ubaoni ni kazi tofauti kabisa na kuanza swali jipya ukiwa na kalamu na ukurasa mweupe.

Siku ya maabara ihesabu kuwa siku ya aina nyingine. Kipindi chake huweza kuchukua muda wa saa tatu, sehemu kubwa ukiwa umesimama, na anayeingia bila kusoma maelekezo huitumia saa ya kwanza kuuliza anachopaswa kufanya. Usiku wa kuamkia siku hiyo soma maelekezo yote na uchore mapema jedwali la vipimo pamoja na vizio vyake. Ukiwa ndani, andika kila kipimo moja kwa moja kwenye daftari la maabara, wala si kwenye vipande vya karatasi. Kisha, na hili ningependa ulishike kuliko yote, fanya hesabu na grafu jioni ileile, wakati bado unakumbuka kwamba kipimo cha tatu kilizidi kwa sababu ulichelewa kufunga bureti, yaani mrija wenye vipimo unaodondosha kimiminika, na rangi ya kiashiria, kemikali inayoonyesha kwa rangi kwamba mmenyuko umekamilika, ikapitiliza. Siku tano baadaye namba hiyo itakuwa fumbo, nawe utashawishika kuirekebisha ili ifanane na nyingine, kosa ambalo mwanasayansi hapaswi kulizoea.

Kuhusu usingizi, wenzako wamekosea. Ukilala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri unapata saa nne za usingizi, ilhali mtu mzima anahitaji angalau saa saba, na ni katika usingizi ndimo ubongo huimarisha yale uliyojifunza mchana.

SWALI: Shikamoo, Mshauri. Ratiba yangu nzuri huvurugika kabla ya Jumatano. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Nahofia umeijaza mno. Anza na yasiyosogezeka, yaani mihadhara, maabara, tarehe za kukabidhi ripoti, na usingizi. Kisha weka vipindi vya kujipima, na uache walau saa mbili tupu katikati ya wiki na nyingine mbili mwishoni kwa ajili ya yale yatakayochelewa. Jioni ya maabara usiipangie mada mpya. Kipindi kikikupita, kihamishie kwenye saa hizo tupu, badala ya kukisukumia usiku wa siku ileile.