Mibaazi yangu imenipita kimo, mbona haitoi maua?

Swali: Bwana shamba, shikamoo. Niko Mkuranga. Mwishoni mwa Novemba nilichanganya mbaazi na mahindi. Mbegu nilinunua kwa mfanyabiashara aliyezileta kutoka Babati, punje kubwa nyeupe za kuvutia. Mahindi nimeshavuna. Sasa ni katikati ya Julai, mibaazi imenipita kimo, majani tele, lakini hata tumba moja sioni. Jirani aliyepanda mbegu ya Lindi wiki hiyohiyo anachuma mbichi. Niweke mbolea, au ning'oe? Na zile punje za Babati nilizobakiza, mbona nikizipika hazilainiki?

Jibu: Marahaba. Mbolea usiweke, na kung'oa subiri kwanza. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na walikuwa wakimsuta mtu mwenye visingizio. Kwa mmea wenyewe, kisingizio hicho kina ukweli: mbaazi, Cajanus cajan, hutoa maua siku zinapokuwa fupi na joto likiwa la kiwango inachokipenda.

Siku fupi umeshazipata. Huko Pwani mchana hupungua kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Juni. Tofauti haifiki hata saa nzima, ila mmea unaihisi. Tatizo lako ni joto. Mbegu za Babati kwa kawaida ni za muda mrefu, yaani huchelewa kukomaa, na zimezoea nyanda za juu ambako Juni na Julai watu huvaa makoti. Aina hizo huwahi kutoa maua joto likiwa karibu nyuzi 18. Kwenu hata Julai ni usiku tu ndipo joto hukaribia hapo, na mchana ndiyo usiseme. Matokeo yake mmea unaendelea kurefuka na kuzaa majani. Mbegu ya jirani ni ya ukanda wenu, imezoea joto hilo kwa vizazi. Udongo wenu ni mmoja, mvua moja, wiki moja ya kupanda; kilichowatofautisha ni mbegu.

Ndiyo maana nakukataza mbolea, hasa urea yenye naitrojeni. Mbaazi ni jamii ya mikunde: bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi huipatia naitrojeni kutoka hewani. Ukiiongezea, utazidisha majani uliyo nayo tayari. Ukitaka kujua kama vinundu vinafanya kazi, msimu ujao udongo ukiwa na unyevu chimba mche mmoja taratibu, upasue kinundu kwa kucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, ni kizima.

Subiri hadi mwisho wa Agosti, maana hiyo ndiyo miezi yenu ya baridi. Matumba yakitokea, usitarajie punje kavu za kuuza: zitakomaa karibu na mvua za vuli na maganda yataoza. Chuma mbichi. Kagua pia matumba na maganda machanga. Ukiona tundu la mviringo na kinyesi chembechembe, huyo ni funza wa vitumba, na shamba linalochelewa peke yake humvutia kutoka kote. Ukilazimika kupuliza dawa, puliza jioni nyuki wakisharudi mzingani. Agosti ikiisha bila tumba, kata. Kuni zake ni nzuri, na majani yaliyodondoka yameshalisha shamba la mahindi yajayo.

Msimu ujao usichague mbegu kwa uzuri wa punje. Punje nyeupe kubwa ni za soko, hasa la India, na waliokuwepo mwaka 2017 India ilipowekea mbaazi ukomo wa kuagiza wanajua bei ilivyoporomoka. Kwa ukanda wenu chukua mbegu ya Lindi au Mtwara, au aina za muda wa kati kama Ilonga 14-M1 na 14-M2. Aina iitwayo Mali husifiwa, na kwa haki, kwa kustahimili mnyauko wa fuzari, ugonjwa wa kuvu, lakini ni ya muda mrefu. Waachie wa Babati na Karatu. Mbegu ya kuhifadhi chukua katikati ya shamba, mbali na mpaka wa jirani, kwa sababu nyuki huhamisha chavua na baada ya misimu michache unakuwa na mchanganyiko usioeleweka.

Sasa jikoni. Mbaazi kavu iliyokaa ghalani muda mrefu, hasa penye joto, hukakamaa. Iloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, uichemshe kwa maji mapya hadi ibonyee vidoleni. Nadhani kosa liko hapa: wengi hutia nyanya au ndimu mapema, na uchachu huzuia punje kulainika. Subiri mbaazi ziive kwanza. Kisha kaanga kitunguu, tia mbaazi, pilipili na tui jepesi, acha vichemke. Tui zito liingie mwishoni, moto mdogo, ukikoroga lisikatike. Mombasa huliwa asubuhi kwa mahamri, na sijaona kifungua kinywa cha kushindana nacho. Mbichi za jirani hazihitaji kulowekwa; ukipewa kikapu, menya upike siku hiyohiyo.